Usimpige Kondoo

Swali la kwanza la mgeni katika World of Warcraft huwa halihusu hadithi wala ramani. Huwa ni hili: "Nibonyeze nini?" Ukiwa wewe ndiye unayemwandikia mwongozo wa vita, unaweza kumjibu kwa mstari mmoja. Bonyeza moja, kisha tatu, kisha mbili, rudia. Ataua nguruwe pori wake kumi, atapanda levo, atakuambia asante bana. Na shida inaanzia hapo, kwa sababu umemsaidia bila kumfundisha, na pengine umemchukulia kitu ambacho hata hakuwa amejua ni chake.

Mimi huandika miongozo hii kwa Kiswahili, ya marafiki na marafiki wa marafiki wanaoingia Classic, lile toleo lililofunguliwa Agosti 2019 ili watu wacheze mchezo jinsi ulivyokuwa miaka ya kwanza baada ya kuzinduliwa 2004. Kuna klasi tisa. Klasi ni aina ya mhusika unayemchagua siku ya kwanza: askari wa ngao na upanga, mwindaji na mnyama wake, kuhani anayeponya, msihiri wa moto na barafu, na wengineo. Neno mchawi nimemwekea yule anayetembea na mashetani, na kusema kweli analistahili. Kila mwongozo ni kurasa tatu au nne. Kuandika si kazi. Kazi ni kuamua nini usiandike, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoona kwamba hilo ni swali la maadili kuliko la mchezo. Nina haki gani ya kumwambia mtu jambo ambalo angeligundua mwenyewe? Na nina haki gani ya kumficha?

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alitoa maelezo ambayo kila mchezaji huyatambua akiyasikia: kucheza ni kukubali kwa hiari vizuizi ambavyo si vya lazima. Mfano wake mmoja ni gofu. Kama haja ni mpira uingie shimoni, si uuchukue kwa mkono, utembee nao, uutumbukize? Hakuna anayefanya hivyo, maana akifanya hivyo hajacheza gofu. Njia ngumu ndiyo mchezo wenyewe. Ukilitazama jambo hivi, mwongozo wa vita unafanana na ule mkono unaobeba mpira. Unaondoa kizuizi, na kizuizi ndicho kilichomleta mtu.

Wapo wanaoshikilia msimamo huu kwa ukali. Mwache mgeni aanguke, wanasema, kuanguka ndiko kujifunza. Watakukumbusha bao, ambalo wazee wa Pwani hawakulijua kwa kusoma vijitabu. Unakaa kando ya wachezaji, unatazama kete 64 zikizunguka kwenye mashimo 32, unajaribu, unachekwa, unarudi kesho. Siku moja unamfunga binamu yako na hakuna anayeweza kukuambia hiyo akili uliipata lini.

Nauheshimu msimamo huo, lakini una tundu, na tundu lenyewe ni pesa. World of Warcraft hulipiwa kila mwezi, dola 15 hivi kwa bei ya Marekani. Juu yake weka bando. Juu ya bando weka stima, ambayo ina ratiba yake binafsi. Mtu anatoka kazini Industrial Area saa kumi na mbili, anapigana na jam hadi Rongai, anapika, anakula, amebaki na saa moja na nusu kabla ya kulala. Kumwambia huyo "nenda ukagundue" ni rahisi sana ukiwa na waifai ya nyumbani na likizo ndefu ya chuo. Mzee wa bao alikuwa na alasiri nzima, na kete hazikuwa zikihesabu megabaiti. Ugunduzi una gharama, na wanaousifu zaidi mara nyingi ni wale ambao gharama hiyo haiwaumi.

Kwa hivyo nimwambie kila kitu? Hapo napo pana mfano wa kutupunguza kasi. Ragnaros ni bosi wa mwisho katika Molten Core, pango linaloingiwa na watu 40. Mchezo ulipozinduliwa mwishoni mwa 2004, ilichukua miezi kabla kikundi chochote duniani hakijamwangusha. Classic ilipofunguliwa 2019, Ragnaros yuleyule alianguka kabla ya wiki moja kuisha. Sababu mojawapo ni kwamba Classic ilitumia kanuni za mwisho za enzi ile, ambazo ziliwapa wachezaji nguvu zaidi. Lakini nyingine, na si ndogo, ni maarifa. Watu walifika mlangoni na miaka 15 ya miongozo kichwani. Walijua bosi atafanya nini kabla hajafanya. Ushindi wao ni wa kweli na siudharau. Ila kile walichokuwa nacho wale wa 2005, ile hali ya watu 40 kutojua pamoja, hakikuwapo tena cha kugawana. Miongozo ilikuwa imekimaliza.

Basi tuko kati ya mambo mawili yenye ukweli. Ukisema kila kitu unaua mchezo, na usiposema unamtoza mgeni muda na pesa ambazo hana. Nadhani mjadala huu hukwama kila mara kwa sababu tunamhesabu mtu mmoja tu, yaani mgeni. Lakini pangoni huingia watu watano.

Hapa nitahitaji kondoo.

Msihiri ana uwezo wa kumgeuza adui kuwa kondoo. Kwa sekunde kadhaa huyo adui anatangatanga tu, hana habari na vita. Kikundi kikikutana na maadui wanne, kumtoa mmoja kando namna hiyo ndiko kunakofanya wale watatu wawezekane. Lakini pigo moja, hata dogo, hata la bahati mbaya, linamrudisha katika umbo lake. Tena anarudi amepona, kwa sababu akiwa kondoo majeraha yake hujifunga haraka. Mgeni hajui haya. Anaona mnyama mdogo mwenye manyoya, anaona windo rahisi, anampiga. Dakika moja baadaye watu watano wamelala sakafuni na mtu anaandika kwa herufi kubwa akiuliza NANI KAMPIGA KONDOO.

Itazame bili ya kosa hilo. Aliyekosea ni mmoja, waliolipa ni watano. Yule wa Rongai mwenye saa moja na nusu ametoa robo saa yake kugharamia somo la mtu mwingine. Hoja ya Suits haitufikishi mbali hapa. Nilikubali kwa hiari vizuizi vya mchezo, sikukubali kuwa daftari la mazoezi la msee nisiyemjua. Na mgeni mwenyewe hakutenda ubaya. Hakuna kitu kwenye skrini kilichomwambia kondoo ni kazi ya mwenzake.

Kwa hivyo ninapoamua kama jambo liingie kwenye mwongozo, siulizi kama ni gumu, wala kama ni muhimu. Nauliza: kosa hili likitokea, nani atalipa, na atalipa kiasi gani? Kama watalipa wengine, ninaandika, tena mapema, tena bila mafumbo. Kama atalipa yeye peke yake, na bei ni ndogo, ninamwachia.

Ukicheza mpira mtaani unajua mgeni hupelekwa wapi. Golini. Kila mtu anataka kufunga, kwa hivyo anayejua kidogo kuliko wote anawekwa mahali ambapo kosa lake linahesabiwa kuliko yote, halafu akifungwa anatukanwa. Pangoni ni vilevile. Kazi mbili huwa hazina watu: ya askari anayesimama mbele kupokea mapigo, na ya mponyaji. Mgeni akichelewa kidogo kusema hapana, anaambiwa "wewe ponya." Sawa, kama tumemweka golini tuna deni kwake. Angalau tumwambie mpira hutokea upande gani.

Madeni yenyewe kwa kila klasi si mengi. Mwindaji ana mnyama, na mnyama ana mngurumo unaomvuta adui amwache askari amfuate yeye. Ukiwa peke yako porini, mngurumo huo ndio uhai wako. Ukiwa na kikundi, uzime, la sivyo unamnyang'anya askari kazi yake. Tena ukiruka kutoka juu kwenda ghorofa ya chini ya pango, mrudishe mnyama kwanza, kwa sababu yeye haruki. Atazunguka njia ndefu na atawaletea kila jini lililo njiani. Msihiri akianza kumwaga moto kabla askari hajawashika maadui, wote watamgeukia yeye, na hana ngao. Kuhani akimaliza nguvu zake zote kwa majeraha madogo, hatakuwa na kitu likija kubwa. Haya yote naandika ukurasa wa kwanza, kwa sababu haya si siri za mchezo. Ni adabu, kama kujua kwamba ukiingia nyumba ya watu unavua viatu.

Lakini hata adabu inaweza kufundishwa kwa amri tupu, na amri tupu huoza haraka. Gilbert Ryle, katika The Concept of Mind ya mwaka 1949, alitenganisha kujua kwamba jambo fulani ni kweli na kujua jinsi ya kufanya kitu. Unaweza kukariri kanuni zote za kuogelea na bado ukazama. Mwongozo hauwezi kukupa kujua jinsi. Hiyo inakaa vidoleni na huja kwa kurudia. Kinachoweza kuandikwa ni sababu, na sababu ina faida moja juu ya amri: hali ikibadilika, mwenye sababu anaweza kutunga amri mpya mwenyewe.

Chukua chuki. Kila adui ana orodha iliyofichika ya nani anamchukia kiasi gani, na humfuata aliye juu ya orodha. Ukimpiga, chuki inapanda. Ukimponya mwenzako, inapanda pia, nusu ya uhai uliorudisha, ikigawanywa kwa maadui wote waliomo vitani. Aliye karibu na adui humnyang'anya askari nafasi ya juu akipita asilimia 110 ya chuki ya askari, na aliye mbali akipita asilimia 130. Mtu akielewa hayo, sihitaji kumwandikia "subiri sekunde tatu kabla ya kupiga." Ataona mwenyewe lini atulie na lini aachilie. Kuhani naye akijua kwamba kila akituma uponyaji ile nguvu yake itokanayo na roho inasimama kurudi kwa sekunde tano, atafahamu kwa nini subira ni silaha. Sijamwambia abonyeze nini. Nimemwonyesha jinsi mashine inavyozunguka.

Kwetu jambo hili lina uzito wa ziada. Seva tunazotumia wengi ziko Ulaya. Amri yako inatoka Nairobi, inashuka Mombasa, inaingia kwenye nyaya za chini ya bahari ambazo zilifika pwani yetu 2009, na hadi jibu lirudi zimepita zaidi ya milisekunde 100 siku njema. Siku mbaya hata usiulize. Miongozo mingi ya Kiingereza imeandikwa na watu wanaokaa jirani na seva. Wanakwambia mnyemeleaji asubiri adui aanze kutamka sihiri yake, amwache aende karibu na mwisho, ndipo amkatize. Fuata hivyo ukiwa Kayole na utakatiza hewa. Amri yao ilibeba ndani yake intaneti yao, na hawakujua kwamba wameiandika. Lakini sababu ya amri hiyo, kwamba kumkatiza adui kwa kuchelewa kunampotezea muda mwingi zaidi, inafika hapa ikiwa nzima. Ukiijua, unatoa kwayo muda unaokufaa wewe.

Kuna hatari nyingine ambayo mwandishi wa miongozo huwa haioni kwa sababu inatokea akiwa hayupo. Mwongozo hugeuka sheria. Unaandika kwamba klasi fulani katika mtindo fulani si bora kwa pango la watu 40. Ni kweli, hesabu inakubali. Mwezi mmoja baadaye kijana wa levo ya 20 anaomba kujiunga na kikundi cha pango dogo la wanaoanza na anaambiwa hatakiwi, eti klasi yake haifai. Kaka, hilo pango lingeshindwa hata na watu wanne na mbuzi! Waliomkataa wanafuata kitu walichosoma bila kusoma kilihusu wapi. Katika Classic walioumia zaidi na jambo hili ni watu waliotaka paladini wa kupiga badala ya kuponya, au druidi wa kurusha nguvu za mwezi. Wengine waliacha tabia waliyoipenda. Wengine waliacha mchezo.

Aliyeandika hakumfukuza mtu. Lakini aliweka neno bila kuweka mipaka yake, na maneno yasiyo na mipaka huvuka. Ndiyo maana ninaona kwamba kila "usichague" katika mwongozo wa mgeni inadai sentensi ya pili: hapa, kwa kazi hii, kwa sababu hii. Mgeni hana namna ya kujua kwamba ulichoandika ni maoni ya mtu aliye levo ya 60. Kwake ni katiba.

Sasa yale ninayoyaacha. Mwindaji wa Classic ana shida moja: kuna umbali ambapo adui yuko karibu mno kwa mshale na mbali mno kwa shoka. Ni hatua chache tu, lakini ukinaswa hapo unasimama kama mtu aliyesahau PIN yake kwenye foleni ya benki. Sitaji jambo hili kwenye mwongozo wa mwindaji. Mgeni atalikuta mwenyewe mapema, akiwa peke yake porini, na likimuua atarudi akiwa mzuka, atembee dakika chache hadi kwenye maiti yake, aamke. Amelipa yeye, amelipa kidogo, na njiani akitembea mzuka atakuwa anawaza. Nikimwandikia, nitamwokolea dakika tano na nitachukua ile sekunde ambayo mtu anajiambia, "Ahaa, kumbe!" Sioni bei hiyo ikiwa ya haki.

Lakini angalia kilichotokea Agosti 2023, Blizzard walipofungua seva rasmi za Hardcore. Kule ukifa, tabia yako imekufa. Hakuna mzuka anayerudi kwenye maiti. Wiki sita za jioni zako zinaweza kuisha kwa nguruwe mmoja na hatua mbili za umbali mbaya. Maarifa ni yaleyale, klasi ni ileile, mwindaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni bei. Kwa hivyo kwa wanaoenda Hardcore nimeandika mwongozo mwingine, na ule umbali wa mwindaji uko mstari wa nne. Hili ndilo linaloniaminisha kwamba mpaka kati ya kusema na kunyamaza haukai ndani ya jambo lenyewe. Hakuna siri ambazo ni takatifu kwa asili yake, wala habari ambazo kila mtu lazima apewe. Kuna mtu, kuna kosa, na kuna bili.

Nikiutoa mpimo huu nje ya mchezo, naona unafanya kazi mahali pengi. Mfanyakazi mpya hotelini, mwambie leo hii sufuria ipi ina karanga, kwa sababu kuna mteja ambaye karanga zitampeleka hospitali. Namna ya kukunja chapati mpaka zipate tabaka, mwache ahangaike nayo wiki mbili. Kinda wa bodaboda, mwambie kabla hajawasha kwamba abiria akipanda breki inachelewa. Vichochoro vya mtaa atavijua. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunamjaza mgeni njia za mkato zinazotufanya tuonekane wajuzi, na lile moja ambalo lingemlinda mwenzake tunalisahau, kwa sababu kwetu limekuwa la kawaida mno hata hatulioni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu hudhani methali hii inahusu uvivu wa wageni tu. Mimi naisoma pia kama onyo kwa mwenyeji. Imesema umpe jembe. Haikusema umlimie, wala haikusema umsukume shambani mikono mitupu halafu umcheke.

Miongozo yangu bado inaanza na mstari uleule, kwa klasi zote tisa: usimpige kondoo. Chini yake nimeeleza kwa nini. Hivi majuzi msichana mmoja aliyeanza na mwongozo wangu wa kuhani aliandika wake, na ndani yake amepinga karibu robo ya mambo niliyosema kuhusu kuponya. Ameandika sababu zake, na mbili kati ya hizo nadhani yuko sahihi. Kondoo amemwacha palepale mstari wa kwanza.